Siku Tatu Unguja, Filamu Tano

Mwenzenu mwaka jana nilipanda boti kwenda Zenji na mume wangu tukiwa hatuongei. Siyo kwamba tuligombana, la hasha. "Umekula?" "Nimekula." "Luku imeisha." Basi, siku imepita. Kisa? Alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani miaka 2, akauchuna wiki tatu nzima, mpaka nikaiona barua pepe mwenyewe. Toka Dar mpaka Unguja ni kama saa mbili kwa boti, na saa zote hizo kila mtu aliinamia simu yake.

Cha maana nilichobeba ni laptop yenye filamu tano. Niliwaza hivi: kama sisi wenyewe tumeshindwa kusema, ngoja wengine watusemee.

Tulianzia Jaws Corner, kijiwe maarufu cha kahawa katikati ya Mji Mkongwe. Jina limetoka kwenye Jaws, ile filamu ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Wazee wanapiga soga, dhumna zinagongwa mezani, kahawa chungu inamiminwa kwenye vikombe vidogo. Mume wangu akaamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mmekuja fungate?" Tukatazamana, tukacheka. Kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi!

Usiku huo tukaanza na ya mapenzi: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, kisha anampenda Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza miaka ya 1950. Raha yake ni kwamba imepigwa hapohapo Zanzibar. Asubuhi ukitoka, vichochoro na milango ya nakshi unaiona kama mliwahi kuonana. Tulipotea mara mbili, na kwa kuwa tulipotea, ilibidi tuulizane njia. Angalau tuliongea.

Siku ya pili ikawa zamu ya muziki. As Old as My Tongue ya Andy Jones, ya mwaka 2006, ni filamu ya maisha halisi ya Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Bibi huyu alipiga ngoma, akavuta sigara yake, akaimba taarabu mpaka uzeeni bila kumwomba mtu ruhusa. Ukimaliza kuitazama nenda Ngome Kongwe, mkabala na Forodhani. Ni ngome waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya Wareno kutimuliwa mwishoni mwa karne ya 17, na ndani yake kuna ukumbi wa wazi ambako Bi Kidude aliimba. Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, nalo limeonyesha filamu humo chini ya nyota kwa miaka mingi. Kama mnaweza, pangeni safari yenu wakati wa tamasha, ila hakikisheni tarehe kwanza.

Usiku tukatazama mbili za Wakenya. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inafaa familia: mtoto Jo ni mgonjwa wa kufa, ana ndoto ya kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaungana kuitimiza. Andaa leso! Kama unapenda za kiroho-roho, chukua Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016. Dada anaamka porini, anaikuta loji, anaambiwa kwamba ameshakufa. Wote waliomo humo wamekwama kwa sababu ya mambo waliyoyaacha bila kuyamaliza. Hapo nikasikia mume wangu anapumua kwa nguvu.

Ya mwisho niliichagua makusudi. Bongoland ya Josiah Kibira, ya mwaka 2003, inamhusu Juma, Mtanzania anayeishi Marekani bila karatasi, na ndoto aliyoondoka nayo nyumbani haifanani na anachokiona. Katikati ya filamu mume wangu akaisimamisha.

"Naogopa," akasema.

"Kwenda?"

"Kurudi. Nikakuta umeshazoea bila mimi."

Mwenzenu nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, siyo kwa jibu hilo. Maana na mimi woga wangu ulikuwa huohuo, kwamba atazoea huko bila mimi. Tukatoka kwenda Forodhani, tukala urojo na mishikaki ya pweza, tukanywa juisi ya miwa, tukaongea mpaka wauzaji wakaanza kufunga meza zao. Filamu hatukuimalizia usiku ule.

Agosti aliondoka, nami nikamsindikiza uwanja wa ndege. Siwadanganyi, ni kugumu. Lakini kila Jumamosi tunachagua filamu moja, kwake mchana, kwangu usiku, tunahesabu "moja, mbili, tatu" kwenye simu na kubonyeza pamoja. Bongoland tulishaimalizia hivyohivyo.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake, akachagua Jaws. Nusu ya filamu nimefunika macho, yeye ananisimulia papa amefika wapi.