Chumba Alichokikosa Dada

Disemba ile dada alipokosa chumba Orlando, chumba nilikuwa nacho mimi. Nilikuwa nimekishika kwa pointi zangu tangu mwanzoni mwa mwaka, nikakikodisha kwa familia moja ya Dallas nisiyoijua hata kwa sura, na pesa yao nikanunulia matairi ya gari. Dada aliponipigia simu kwamba klabu yetu ya nyumba za likizo imejaa, nikamjibu, "Pole dada, sikukuu ndivyo zilivyo." Hakuna neno la uongo hapo. Ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Dada ni mtoto wa mama mkubwa. Ndiye aliyenipokea nilipokuja Marekani kutoka Tanga, akanilaza sebuleni kwake Columbus, akanisaidia ada ya masomo ya uuguzi. Namtaja mapema ili msomaji asidhani anasimuliwa habari ya kampuni katili na mteja mnyonge. Kampuni ina yake, nitayasema. Haya ni yangu.

Nilijiunga na klabu hiyo, ya aina iitwayo timeshare, kama wanavyojiunga wengi: tiketi za bei nafuu za bustani za michezo, chai nzito ya asubuhi, kisha kikao kilichoahidiwa kuwa cha dakika 90 kikala nusu siku. Zamani biashara hii ilikuwa ya wiki. Ulinunua wiki yako ya mwaka katika jengo lako, ukaijua kama unavyoijua siku ya gulio. Siku hizi wengi wanauza pointi. Kila mwaka unapewa fungu lako, na kuna jedwali linaloonyesha usiku mmoja wa kila aina ya chumba unakula pointi ngapi. Jumanne ya Septemba ni rahisi, mkesha wa mwaka mpya ni ghali. Muuzaji alilifungua jedwali mezani, akaweka kidole kwenye wiki ya Krismasi, akasema, "Pointi zako zinatosha." Zilitosha kweli. Ila jedwali halikusema kama chumba chenyewe kitakuwepo.

Alitutajia na sheria. Florida, haki za kulala zinazouzwa haziruhusiwi kuzidi nafasi za kulala zilizopo katika mwaka mzima. Sheria hiyo ipo. Mimi nikaielewa kwamba kila mwenye pointi ana kitanda chake kinachomsubiri. Kitanda kipo, lakini huenda ni cha Jumatano moja ya Septemba, watoto wako darasani na ni msimu wa vimbunga. Sheria inahesabu mwaka mzima. Wanachama wanahesabu kalenda ya shule, na kwenye kalenda hiyo wote tunataka Krismasi, Pasaka na ile likizo fupi ya Machi.

Kwa hiyo yote yanategemea nani anafika kwanza. Klabu ya Disney, ambayo siyo niliyoingia mimi lakini kanuni zake zinajulikana na wengi, humfungulia mwanachama miezi 11 kabla kwa jengo alilonunua, na miezi 7 kabla kwa majengo mengine. Klabu nyingine zina tarakimu zake, mpango ni huo huo. Unanunua nafasi kwenye foleni, na foleni yenyewe huanza asubuhi, saa za Florida, wewe uko njiani kwenda kazini.

Mimi nilijifunza kuiruka. Alinifundisha mstaafu mmoja tuliyekutana kando ya bwawa la kuogelea, mtu mpole, anasimulia huku anawapaka wajukuu mafuta ya jua. Wiki ya Krismasi hugombewa asubuhi ile ile inapofunguliwa, kwa hiyo usiisubiri. Shika siku za mwanzo wa Disemba, ambazo hazina mgombeaji. Kesho yake ingia kwenye programu, ongeza usiku mmoja mbele, ondoa mmoja nyuma. Keshokutwa vivyo hivyo. Chumba kinasogea na kalenda, na siku Krismasi inapofunguliwa kwa wenzako wewe umo ndani tayari. Nilikuwa nikifanya hivyo kwenye maegesho ya hospitali kabla ya kuingia zamu, injini inaunguruma kwa ajili ya kipasha joto, kahawa inapoa, kidole kiko kwenye visanduku vya simu. Kijani ni wazi, kijivu kimechukuliwa. Siku nilizoshika mimi ziligeuka kijivu kwa kila mtu mwingine. Sikuweza kudai silijui hilo. Nililijua na nikalipita.

Kanuni za wakati ule hazikukataza, na kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa utetezi wangu. Mwanzo nilishika chumba cha familia yangu tu. Kisha nikaona kwamba usiku wa Krismasi unakodishwa kwa pesa inayolipa ada ya matunzo ya mwaka na kubakisha. Tangu hapo nikawa mfanyabiashara, ingawa mdomoni bado nilikuwa mwanachama.

Dada nilimwingiza mwenyewe. Klabu ilikuwa ikimpa mwanachama pointi za zawadi kwa kila mnunuzi anayemleta, nami nilizitaka pointi zile. Nilimwambia ni urithi wa watoto. Nilimwambia mama mkubwa akija kututembelea atalala kwenye nyumba yenye jiko, apike wali wake wa nazi, siyo hotelini. Alikwenda Orlando, akakaa kwenye kikao, akasaini.

Kabla wiki haijaisha akanipigia usiku. "Mdogo wangu, nimeisoma hii karatasi. Hapa wanasema wanaweza kubadilisha kanuni za kuweka nafasi bila kuniuliza. Sasa mimi nimenunua nini?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu biashara hii, na aliliuliza wakati bado lina faida. Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila adhabu na kurudishiwa pesa yake. Nilizijua siku hizo, maana mwenyewe ziliwahi kunipita nikiwa sijasoma kitu. Nilijua pia kwamba akivunja, pointi zangu za zawadi zinafutika. Nikamwambia mikataba yote ya Marekani imeandikwa hivyo, wanasheria hawawezi kulala wasipoweka kipengele kama hicho. Akanyamaza kidogo. "Haya, wewe ndiye unayejua." Siku 10 zikaisha. Pointi zikaingia kwangu.

Nikiulizwa kosa langu ni lipi, wengi hutarajia niseme sikuusoma mkataba. Hilo lilikuwa kosa dogo, na aliyelipia ni mimi. Kubwa ni jibu lile la simu, kwa sababu mwenzangu alikuwa ameusoma na ameuelewa, mimi nikautumia udugu kumfumba macho.

Mama mkubwa akapata viza ya kuja Disemba iliyofuata. Dada akaamka alfajiri siku ile ile ya kufunguliwa, kwa uaminifu wake wote, akakuta kijivu. Akajiandikisha kwenye orodha ya kusubiri, akasubiri. Mwisho akalipa taslimu hoteli ya kawaida pale International Drive, chumba kimoja, bila jiko, na ada ya klabu ya mwaka ule alikuwa amekwisha kuilipa. Mama mkubwa hali chakula ambacho hakukiona kikipikwa. Siku zote za sikukuu alishindia ndizi, mkate na chai ya mashine ya kwenye chumba.

Baadaye klabu ikabadilisha kanuni. Ukiondoa usiku wa mwanzo, nafasi yote inarudi kwa wote nawe unaanza upya. Mgeni asiye mwanachama akilala kwa jina lako, unalipia. Na wiki ya Krismasi ikapanda pointi. Nilipiga kelele kuliko wote. Niliandika barua, niliwachochea wanachama niliowafahamu, nilitumia maneno kama dhuluma na wizi. Dada, ambaye aliguswa na kanuni hizo kidogo sana, alinitia moyo na kunisaidia kunyoosha Kiingereza cha barua. Alidhani tunapigania jambo moja.

Kanuni mbili za kwanza zilitungwa kwa ajili ya watu wa namna yangu, na zilistahili. Hiyo ya tatu ndiyo hasa ya kulalamikia. Jumla ya pointi za mwaka haina budi kulingana na vyumba vilivyopo, kwa hiyo ukipandisha Krismasi lazima ushushe kwingine. Muuzaji hukuonyesha pale paliposhuka. Asiyeweza kusafiri isipokuwa shule zimefungwa huyo ndiye aliyepandishiwa, na pointi zake hazikuongezeka hata moja. Ukitaka kutoka nako hakuna mlango mpana. Soko la mkononi ni dogo, na klabu zenyewe hulipunguza: tangu Januari 2019 klabu ya Disney haimruhusu anayenunua mkononi mwa mtu pointi za majengo yake ya zamani kuzitumia Riviera, jengo lake lililofunguliwa Disemba mwaka huo. Mnunuzi anaangalia hilo, anashusha bei, au anaondoka.

Nilimweleza dada yote, jikoni kwake, mama mkubwa akiwa amekwisha rudi Tanga. Nilieleza chumba, familia ya Dallas, matairi, pointi za zawadi, mwisho ile simu ya usiku. Nilidhani kilichomuuma zaidi kingekuwa chumba. Aliuliza kimoja tu: "Siku ile nilikuwa na siku ngapi bado?" Nikamwambia zilibaki za kutosha. Akainuka akaosha vyombo. Ada yake ya klabu nailipa mimi sasa, kila Januari, na itaendelea hivyo hadi tupate wa kumwachia pointi zile. Anaipokea risiti, hajasema kama amenisamehe, wala simharakishi.

Wewe uliyesaini Florida juzi, hesabu siku 10 za kalenda, kuanzia siku uliyosaini au siku uliyopokea hati ya mwisho, ile iliyochelewa zaidi. Haki hiyo huwezi kuipoteza hata kama umewekewa karatasi ya kuikana ukaitia sahihi. Andika barua leo kwenda kwenye anwani iliyo kwenye mkataba wako, ipeleke posta upate risiti yenye tarehe, na usimpigie simu kwanza yule aliyekuleta.