Tutaonana Jana

Kadi niliyokabidhiwa ilikuwa na mistari michache ya Kiingereza. Ilinitaka nimweleze rafiki yangu mmoja: ni nani, tulifahamiana vipi, tukiwa pamoja hufanya nini, na kwa nini namthamini. Mtahini, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alinisogezea karatasi na penseli, akaitazama saa yake, akanieleza kwamba nina dakika moja ya kujiandaa. Baada ya hapo ningezungumza peke yangu kwa dakika moja hadi mbili, naye asingenikatiza.

Waliowahi kuketi mbele ya meza hiyo wanaujua mtihani wa IELTS. Sehemu yake ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, nayo ina mafungu matatu: maswali mepesi ya kujitambulisha, kisha hiyo kadi, kisha mazungumzo ya kina zaidi juu ya jambo lililokuwa kwenye kadi. Mtahini hupima mambo manne: ufasaha na mtiririko, utajiri wa msamiati, sarufi, na matamshi. Ukweli wa asemacho mtahiniwa haumo. Mwenzangu mmoja aliyenitangulia kuufanya alilisisitiza jambo hilo kuliko yote. "Mtunge rafiki," aliniambia. "Mpe kazi, mpe ucheshi, mpe gari. Huyo mzungu hatakwenda kumtafuta."

Nami nilikuwa nimekwisha kumtunga. Alikuwa mhandisi wa maji, mrefu, mcheshi, mpenda kupanda milima, niliyekutana naye chuoni siku ya kwanza kwenye foleni ya usajili. Kwa wiki mbili nilimkariri katika chumba cha kupanga jijini Dar es Salaam, nikivipanga vivumishi vyake kama mtu apangavyo vina, nikijipima kwa saa ya simu. Nilimpenda kidogo, nakiri. Hakuwa na deni wala kilio.

Lakini ile dakika moja ilipokwisha, karatasini pangu palikuwa na neno moja tu, nalo halikumhusu mhandisi. Nilikuwa nimeandika: Rusumo.

Mimi ni mzaliwa wa Mbuba, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Kwetu ni vilima na migomba. Wenyeji husema Kihangaza na Kishubi, na nchi mbili ziko karibu kiasi kwamba bibi yangu mzaa mama, aliyeolewa kutoka upande wa Burundi, alikufa bila kuacha hata silabi moja ya Kirundi chake. Mwezi Aprili mwaka 1994 nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tarehe 28 na 29 za mwezi ule, katika muda unaokaribia saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wakatuzidi wenyeji kwa idadi. Kambi yao kubwa iliitwa Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara kule. Watoto wa kwetu hatukulijua hilo. Tulidhani ni neno la Kinyarwanda lenye maana ya mahema.

Rafiki yangu alikuja shambani kwetu na mjomba wake, kupalilia maharage kwa ujira wa viazi vitamu. Tulikuwa hirimu moja. Siku ya pili alinisaidia kufukuza mbuzi waliovunja kamba, na tangu hapo kila alipopata ruhusa alikuja, mjomba asiwe na kibarua au awe nacho. Lugha zetu zilisikilizana, ila zilijikwaa kwa maneno machache. Bibi alimwita umugenzi wangu. Kwa Kirundi hilo ndilo neno la rafiki, na limetokana na kwenda. Yeye akacheka. Kwao umugenzi ni msafiri, au mwenzako wa kawaida tu. Rafiki wa kweli ni inshuti. "Mimi msafiri, ndiyo," akasema, akionyesha upande wa mto. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuchimbua asili za maneno, nilikuta kwamba rafiki yetu wa Kiswahili naye ametoka katika Kiarabu, ambamo ni mwandani wa njiani, mtu unayesafiri naye. Sikulichukulia jambo hilo kama ugunduzi wa kitaaluma. Nilifunga kamusi, nikatoka nje.

Alitaka nimfundishe Kiswahili. Nilikuwa mwalimu mwenye kiburi, maana shuleni kwetu Kiswahili ndicho kilichotupa cheo, na hapa nilimpata mtu nimzidiye. Alishika upesi. Kosa moja tu lilimganda. Katika Kinyarwanda, kama katika Kirundi, neno ejo ni jana na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kitakachokuonyesha siku unayoisema iko upande gani. Yeye akalichukua neno jana akalibebesha mzigo wote wa ejo. "Nitakuja jana." "Mjomba atalima jana." Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimsahihisha kila mara, na kila mara alitikisa kichwa kukubali, akaondoka akiniambia, "Haya. Tutaonana jana."

Kiazi cha kuchemsha alikimega vipande viwili, kisha akanyoosha mikono yote miwili ili mimi nichague. Hakuwahi kuchagua kwanza. Na alikuwa na njaa kuniliko, jambo ambalo sikulifikiria wakati ule hata mara moja.

Mwanzoni mwa Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kuwa wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi hawakutaka. Walifunga mizigo wakaelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, na wanajeshi wakawageuza njiani. Baada ya hapo barabara ya Rusumo ikajaa kwa siku nyingi, mvua ikinyesha. Rafiki yangu alikuja nyumbani kabla ya hayo kupamba moto. Alileta panga la bibi ambalo mjomba wake alikuwa ameliazima. Alikuwa amelifuta kwa majani hadi linang'aa. Bibi akamfungia ndizi mbivu katika jani. Mimi nilikuwa nikitengeneza mpira wa maganda ya migomba, na sikusimama.

"Tutaonana jana," akasema.

"Kesho," nikamsahihisha. "Kesho, wewe!"

Basi huyo ndiye niliyetakiwa kumweleza kwa dakika mbili, katika chumba chenye kiyoyozi, mbele ya kinasa sauti.

Nikaanza: my friend is. Neno is likanikwama. Nikalibadili kuwa was, na was ilinisikika kama koleo la kwanza la udongo. Nikarudi kwenye is. Kiingereza hakikunipa mahali pa kusimama kati ya hayo mawili. Nikamzika na kumfufua mara nne au tano ndani ya dakika moja. Katika fadhaa hiyo nikamwita she mara mbili, kosa ambalo sisi wenye lugha za Kibantu tunalijua, kwa kuwa yeye wetu hajali kama ni mume au mke. Nilipofika kwenye kiazi nilisimama kabisa. Alikimega, hukimega, atakimega? Mtahini aliinua macho, akaandika kitu, akanitia moyo kwa kichwa. Sina kinyongo naye. Alifanya kazi yake vizuri, na kama ningekuwa mimi ningeandika hicho hicho alichoandika: mtahiniwa anachanganya njeo.

Katika fungu la tatu aliniuliza kama watu hupoteza marafiki kadiri wanavyokua. Nikajibu kwamba sijui. Jibu fupi kama hilo ni sumu katika mtihani ule.

Njiani kurudi nilijifariji kwamba laiti ningeulizwa kwa Kiswahili, ningeteleza kama samaki. Usiku nikajaribu. Nilizima taa, nikajipa dakika moja, nikaanza: "Rafiki yangu ni…" Nikakwama palepale. Lugha yangu nayo ina ni na ina alikuwa, na miaka yote ile nilikuwa nimeepa kuchagua kwa njia rahisi kuliko zote: sikuwahi kumtaja kwa mtu. Bibi alikuwa amekufa. Hapakuwa na mwingine aliyemkumbuka. Kosa nililodhani ni la Kiingereza changu lilikuwa limekaa mahali pengine kabisa, na kilichohitajika ni mgeni mwenye saa mkononi aniulize swali la kawaida ambalo hakuna jirani wala ndugu aliyewahi kuniuliza.

Kabla ya kulala nilipata mlango mmoja mdogo. Tuna hu-. Wapenzi wa sarufi mnaosoma hapa mnakijua kiambishi hicho kisichobeba nafsi, kisichosema leo wala juzi: humega kiazi, hunyoosha mikono miwili, hungoja mwenzake achague. Nilizungumza gizani kwa dakika mbili na zaidi kwa hu- peke yake, na ulimi haukugonga popote. Najua mtakaloniambia. Hu- ni ya mazoea, na mazoea ya mtu ambaye hajulikani alipo tangu 1996 yanadai alikuwa mbele yake. Hoja hiyo naipokea darasani.

Nilipata 6 katika kuzungumza, na chuo nilichokiomba kilitaka 6.5. Mwaka uliofuata nililipa tena ada, nikarudi na mhandisi wangu wa maji. Safari hii kadi ilikuwa ya safari niliyoifurahia, lakini sikumwacha nyuma. Nikampandisha Mlima Meru pamoja nami, akateleza, tukacheka, akanigawia chai ya chupa. Kila kitenzi kilikaa kwenye wakati wake. Alinipatia 7. Watunzi wa tungo hawatashangaa, nadhani, kwamba mtu wa kubuni alisimama imara pale ambapo mtu wa kweli aliniangusha, ingawa mimi mwenyewe bado naona haya kidogo nikikitazama kile cheti. Nilisoma, nikarudi, nikapata kazi. Yote hayo niliyapata kwa kumtegemea mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Mwaka 2018 kazi ikanipeleka Kigali kwa mkutano wa siku tatu. Nilipanda basi la kupitia Rusumo. Daraja la zamani, lile jembamba la miaka ile, lilikuwa limepata mrithi. Marais Magufuli na Kagame walizindua daraja jipya mwaka 2016, na malori makubwa hulipita bila kupunguza mwendo sana. Karibu na hapo maji ya Ruvubu huingia katika Kagera, kisha mto wote huporomoka. Nilishuka na abiria wenzangu, nikashika foleni.

Afisa wa uhamiaji wa upande wa Rwanda alikuwa mwanamume wa umri kama wangu. Nilimtazama kwa makini kupita adabu. Hakuwa yeye. Alinisalimu kwa Kiswahili, kizuri tu, chenye lafudhi ya kwao. Ilikuwa mwaka mmoja tangu nchi yake ikifanye lugha rasmi. Akapekua pasipoti yangu, akauliza ninakwenda kufanya nini, nitalala wapi, nitakaa siku ngapi. Nikamjibu yote.

"Na huku Rwanda una mtu unayemfahamu?"

Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na kondakta alikuwa amekwisha kupiga honi mara moja.

"Nina rafiki," nikasema.

"Anaitwa nani?"

Nikalitaja jina lake, lote, kama alivyolitaja mjomba wake siku ile ya kwanza shambani. Lilinitoka bila kukwama. Afisa akaniomba nilirudie, akaliandika, akagonga muhuri.