Jumapili ya Kukaa Tu Nyumbani

Akina mama wenzetu, wapo watu wanaodhani kwamba baridi ni ya Njombe na Makete peke yake. Sisi wa Shinyanga tunajua kuwa ifikapo Juni, mavuno yakishaingia ndani, upepo wa kipupwe huanza kuvuma juu ya mbuga tupu, na asubuhi mtoto hukataa katakata kutoka kwenye blanketi. Mchana jua huwaka, lakini usiku kila mtu hutafuta sweta. Kazi za shamba hupungua. Ni msimu mzuri wa kufanya jambo ambalo wengi wetu hatulijui kabisa, yaani kukaa tu.

Kwa mwanamke, kukaa bila kazi huonekana kama aibu. Jumapili tunatoka ibadani, tunapitia kwa mgonjwa, tunapika, tunafua sare za shule, tunapiga pasi, na Jumatatu tunaamka tumechoka kuliko Ijumaa. Sisi wauguzi tuna zamu pia. Nyumbani kwetu kulikuwa na shida nyingine: baba watoto alifanya kazi Geita, kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu la wachimbaji wadogo, na nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi. Siku zake zilimalizwa na wageni, vikao na madeni. Ndipo tukakubaliana kwamba Jumapili anayokuwepo, baada ya ibada ya kwanza, hatuendi popote na hatuitishi kikao. Tutapika pamoja, tutakula, tutatazama mpira.

Kupika pamoja maana yake ni wote. Vijana wetu wa kiume walikaa jikoni wakimenya viazi na kutwanga karanga. Bibi yao, mama mkwe wetu, alipoona hivyo mara ya kwanza alishika kiuno. "Mkwe wangu, wajukuu zangu mmewageuza wasichana?" Tukamjibu kwa heshima, "Mama, kesho wakiwa Geita peke yao, nani atawapikia?" Hakusema neno, ila ugali ulipoiva aliomba kuongezewa mboga.

Chakula chenyewe hakikuwa cha gharama. Asubuhi tulikunywa chai na michembe iliyochemshwa. Mchana ulikuwa ugali wa mtama, kuku wa kienyeji, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, tukiyaunga kwa karanga. Maziwa ya mgando hayakukosekana. Jiko la mkaa lilibaki uani hata baridi ilipozidi. Tunalisema hili kwa mkazo: msiingize jiko la mkaa chumbani ili kujipasha joto huku mmefunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Afadhali blanketi mbili.

Sasa tuje kwenye mpira. Akina mama wengi huulalamikia kwamba umewachukua waume zao. Ni kweli baba akienda kwenye kibanda umiza hurudi usiku, na pengine fedha ya matumizi imeishia kwenye kubeti. Lakini mpira ukitazamwa sebuleni, mama akiwa ameketi pale pale na siyo kupita tu na sinia, ni jambo jingine. Ni saa mbili au tatu ambazo mume wako yuko mbele ya macho yako, hana haraka, na hafichi kitu.

Sisi tulilijua hilo Jumapili ya tarehe 23 Juni 2019. Fainali za Mataifa ya Afrika zilikuwa zikichezwa Misri, na Taifa Stars walikuwa wamefuzu kwa mara ya kwanza tangu zile za Nigeria mwaka 1980. Miaka 39! Siku hiyo hakuna aliyetaka kutoka nyumbani. Jioni tulitazama Morocco wakiwafunga Namibia bao 1-0, tena bao la kujifunga karibu na mwisho, na watoto wakawahurumia Wanamibia mpaka machozi. Usiku ikawa zamu yetu na Senegal. Mbwana Samatta na wenzake waliposimama kuimba wimbo wa taifa, bibi naye alisimama.

Keita Baldé alipofunga bao la kwanza la Senegal, baba watoto alipiga kelele, na kelele ile ikageuka kikohozi. Alikohoa, akatulia, akakohoa tena. Alikuwa amekohoa hivyo tangu asubuhi. Kwa kuwa tulikuwa tumeketi naye siku nzima, tuliona na mengine: mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya, na usiku uliopita shuka lilikuwa limelowa jasho wakati sisi tulikuwa tukitetemeka kwa baridi.

"Baba, kikohozi hiki kina muda gani?"

"Mama, ni vumbi tu la karasha. Mwezi hivi. Tutazame mpira."

Tulitazama mpira. Senegal waliongeza la pili, ikawa 2-0. Watoto walipolala tulizungumza mpaka saa sita. Alisema akikosa siku moja kazini, nafasi yake anapewa mwingine. Tukamwambia nafasi ya baba katika nyumba hii haina wa kuichukua. Asubuhi hakupanda basi la Geita. Tulikwenda kupima makohozi. Kilikuwa kifua kikuu.

Vumbi la mawe huharibu mapafu taratibu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu. Ndiyo maana wachimbaji huugua zaidi ya watu wengine. Tena mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa pia virusi vya UKIMWI, na mke wa mtu anayefanya kazi machimboni anajua saa hiyo ilivyo ndefu. Tulipima wote wawili, tumekaa benchi moja, bila kulaumiana kabla ya majibu. Majibu yalipotoka hatukuwa navyo. Watoto nao walichunguzwa, na yule mdogo wa miaka 4 akaanzishiwa dawa ya kinga.

Dawa zilikuwa za miezi sita, na zilitolewa bure. Ugumu ulikuwa kuishi bila fedha ya karasha. Tuliuza mbuzi wawili, tukapunguza nyama, na akina mama wa jumuiya wakatuletea unga bila kuulizwa. Mwezi wa pili baba alijisikia mzima, akataka kuacha vidonge arudi kazini. Hapo ndipo wengi huharibikiwa, maana ugonjwa hurudi ukiwa sugu kwa dawa. Tulimpa vidonge kila siku kwa mkono wetu. Alimaliza Desemba, akapona. Karashani hakurudi, sasa anauza vifaa vya ujenzi hapa hapa mjini, kipato ni kidogo, ila analala nyumbani.

Ndugu zetu, mkiona mtu wa nyumbani anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni au anakonda, msisubiri aseme mwenyewe. Nendeni naye kituo cha afya. Lakini ili umwone, lazima mkae pamoja. Mwanamke anayekimbia kutwa huona sahani na nguo chafu. Uso wa mume wake huupita tu.

Basi kipupwe hiki, teueni Jumapili moja. Sare zifuliwe Jumamosi, vijana wamenye viazi, nawe mama vuta kiti ukae. Kama hujui sheria za mpira, uliza, watafurahi kukufundisha.