Okapi ya mfukoni

Mtoto wa dada yangu alipanda hadi kwetu Masereka kutoka Butembo kuwasalimia wazee, akakuta nimevianika visu vyangu juu ya meza. Akachukua kimoja, akasoma jina lililo kwenye bapa, akauliza: «Muyomba, hii kisu ni ya Radio Okapi?»

Radio hiyo ya Congo imeanza 2002. Kisu kimeanza 1902, huko Solingen, Ujerumani, kikitengenezwa kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Mwaka uliotangulia, wataalamu wa London walikuwa wamempa okapi, mnyama wa msitu wetu, jina lake la kisayansi, baada ya Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa ngome ya Mbeni, kumpelekea Mwingereza Harry Johnston kule Uganda ngozi nzima na mafuvu mawili. Mbeni ndiyo Beni yetu hii. Kwa hiyo mnyama alitoka kwetu akiwa ngozi, akaturudia akiwa kisu. Tarehe ndizo hizo, anayezitaka azishike. Mimi kisu nilikijua kabla ya kuzijua.

Nilikijulia kwenye butike ya mzee mmoja aliyeuza kila kitu kisichooza, pamoja na samaki wa chumvi wa Vitshumbi, ambaye sina hakika naye. Ukivuka kizingiti, samaki ndiye aliyekupokea kwanza, kisha petroli ya taa, kisha sabuni ya kufulia. Visu vilikaa juu ya kipande cha katoni nyuma ya mizani, kila kimoja kimebanwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mtoto hakuruhusiwa kugusa. Mzee alifuta mikono kwenye koti, akachomoa kimoja, akakifungua taratibu karibu na sikio lako: kra, kra, kra, jino baada ya jino. Halafu akavuta pete ndogo iliyo mgongoni mwa mpini, na bapa likalegea, likarudi ndani bila sauti. Kikikwama, alichovya unyoya wa kuku ndani ya petroli akagusa kiungo. «Kisu nayo inakunywaka,» alisema, na hakucheka.

Mpini ulikuwa wa mti uliopitishwa motoni ukabaki na madoa meusi na ya kahawia, na juu yake mwezi na nyota za bati zimepigiliwa. Mzee alipokea pesa, alipokea na ngano. Zaire zilipoanza kuyeyuka mikononi, akawa anapenda viazi kuliko noti.

Wanaume wengi wa vilima hivi walikuwa nacho. Kilikata kamba za magunia ya kabichi, kilichonga mpini wa jembe, kilichinja kuku mgeni akifika. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao, waliokuwa wakiteremsha karoti Butembo walikining'iniza kiunoni kwa ile pete, na hakuna aliyewauliza kitu.

Nilianza kukusanya kwa sababu vibovu havikuwa na mwenyewe. Mtu akivunja ncha, anatupa. Akifa, watoto wanagombania shamba na mabati, kisu kinabaki kwenye kikapu cha misumari. Nilivipata kwa sabuni, kwa chupa ya Primus, vingine kwa asante tu. Kutu nilitoa kwa majivu na limau. Kiungo kilicholegea nilikiweka juu ya jiwe, nikagonga msumari wake kidogo kidogo, maana ukizidisha kisu hakifunguki tena. Pete iliyopotea niliikunja kwa spoku ya baiskeli. Ninavyovitafuta zaidi ni vile vyenye neno Solingen, kwa kuwa mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Dereva mmoja wa lori aliniachia Douk-Douk ya Wafaransa, aina iliyoanza Thiers mwaka 1929, mpini wa bati lililokunjwa na pepo wa Melanesia amechorwa juu yake. Sijui aliitoa wapi, sikuuliza.

Baadaye zikaja za kuiga: nyota zimepakwa rangi, mpini wa plastiki, chuma kinachopinda kwenye parachichi bichi. Butike ikafungwa, pale sasa wanauza vocha za simu. Na tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mwaka 2014, nani angetaka kuonekana na chuma mfukoni? Kwenye bariere ukikutwa na Okapi unaulizwa unatoka wapi, na kila jibu lina bei yake. Kimoja changu kizuri kilibaki hapo, mikononi mwa mtu aliyekijaribu kwa kukatia muwa wake. Wakulima wanaondoka asubuhi na panga lililofungwa kwenye gunia, wakiomba wasikutane na mtu.

Kijana naye akanionyesha kwenye simu kisu cha kipepeo, kile cha Wafilipino, mipini miwili ikizunguka vidoleni mpaka macho yanachoka. Ni kizuri, sikatai. Lakini mwenye kukizungusha hakukata chochote mpaka video ikaisha, hata kitunguu.

Nikampa Okapi akamenye viazi. Alirudi na nusu ya kiazi, nusu nyingine imekwenda na maganda.

Kuna mzee huko Kyondo anayo ya Solingen, pete yake ya kiwandani, meno yote mazima. Anataka mbuzi. Mimi nimefika kwenye jogoo na mfuko wa viazi, naye amenitumia salamu kwamba mnyama wa msituni habadilishwi na kuku.