Kutegemea si kutarajia

 

Kwenye kipindi cha juzi tuliongelea maombi yasiyojibiwa, na muda ukaisha kabla sijasema nilichotaka kusema. Ndiyo maana naandika. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa Mama, hapa hapa Reading, kwa hiyo mnivumilie.

Mama yangu anasubiri figo. Zake ziliharibiwa na presha ya miaka mingi, na sasa ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kila mara kama saa 4. Mkononi ana mshipa ambao madaktari waliuunganisha kwa ajili ya sindano, na ukiugusa unavuma kama nyuki ndani ya mzinga. Maji ya kunywa anapimiwa. Chai, ambayo zamani alikunywa kwa kikombe kikubwa cha bati, sasa ni kikombe kidogo, basi.

Halafu Mama ni mtu wa Machame, jamani! Mtu aliyekuzwa kwa mtori na ndizi nyama anaambiwa ndizi zina potasiamu nyingi, figo mbovu haziwezi kuitoa mwilini, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Siku hizi mtori ni wa sikukuu tu. Ndizi zinachemshwa, maji yanamwagwa, zinachemshwa tena, halafu anapata kibakuli kimoja. Anakula polepole, haongei na mtu.

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nilijitolea kumpa figo yangu moja, nikapimwa kuanzia damu mpaka moyo, nikaonekana mzima. Kilichotukwamisha ni kundi la damu. Mama ni O, mimi ni A, nimerithi kwa Baba, na kwa kawaida mgonjwa wa O anahitaji figo ya mtu wa O. Basi tukaingizwa kwenye mpango wa Uingereza wa kubadilishana figo. Unafanya kazi hivi: nchini kuna familia nyingine kama yetu, ndugu yuko tayari kutoa ila figo yake haimfai mgonjwa wake. Majina yote yanaingizwa kwenye kompyuta, inatafuta namna ya kuwapanga, figo yangu iende kwa mgonjwa wa familia nyingine, na wa familia nyingine ampe Mama. Hilo linafanyika mara 4 kwa mwaka. Sisi tumeshaingia mara 3. Mara zote 3 jibu limekuwa hakuna. Zamu inayofuata ni Julai.

Sasa, Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaja huku, na kuna neno moja linamkera akisikiliza watangazaji. Wanasema "mvua inategemewa kunyesha kesho." Mama anaijibu redio: "Inatarajiwa!" Kwake hayo ni maneno mawili tofauti, na mtu akiyachanganya anamharibia siku.

Baada ya jibu la tatu, kikundi chetu cha maombi kilikuja nyumbani kumfariji. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akamwambia, "Mama, usivunjike moyo, sisi tunategemea figo mwezi wa saba." Mama akatabasamu, akamjibu kwa adabu zake zote: "Asante sana, baba. Lakini figo tunaitarajia. Tunayemtegemea ni Mungu."

Watu wakacheka, mwalimu ni mwalimu. Kisha sebule ikanyamaza, maana wote tulielewa kwamba hakuwa anasahihisha Kiswahili tu.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miezi. Kutarajia ni kuangalia mlango, kitu kije. Kutegemea ni kuegemea, uzito wako unakuwa juu ya mwingine. Nilipokwenda Machame nilimwona babu akiweka nguzo kwenye mgomba wenye mkungu mzito, ili usianguke. Ile nguzo haizuii upepo, wala haiuambii mgomba kesho kutakuwa na hali gani. Inaubeba tu.

Wengi wetu tumelelewa kwenye maombi ya kutarajia peke yake. Kiri ushindi, amini umeshapona, ukiwa na shaka umejifungia baraka. Naelewa inatoka wapi. Watu waliovuka bahari bila kitu wanahitaji kusema kwa sauti kwamba mambo yatakuwa sawa. Lakini tukifanya matokeo kuwa kipimo cha imani, siku matokeo yakiwa mabaya tunamgeukia mgonjwa na kumuuliza alikosea wapi. Nimeona mama wa watu akiulizwa hivyo akiwa amelala na mashine ubavuni. Hapana. Hiyo si imani, ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Sote tunaijua habari ya Petro: yuko gerezani, kanisa linaomba usiku, malaika anakuja, minyororo inaanguka, na yule binti Roda anafurahi mpaka anasahau kumfungulia mlango. Inahubiriwa kila mwaka. Lakini rudi nyuma kidogo, mwanzoni kabisa mwa sura hiyo hiyo. Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja, kwisha. Mtume kama Petro, kanisa lile lile, mfalme yule yule. Hakuna mahali Biblia inaposema Yakobo alikuwa na imani ndogo, au kwamba watu hawakumwombea. Paulo naye aliomba mara 3 mwiba wake uondolewe, na haukuondoka. Yesu mwenyewe, Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, na alikinywa.

Kwa nini Petro atoke na Yakobo asitoke? Sijui, na mtu akiniambia anajua namwogopa kidogo. Ninachokiona ni kwamba kanisa la Yakobo halikuacha kuomba baada ya kumzika. Walikuwa wameshaona maombi yanaweza kuishia kaburini, na bado walikusanyika usiku kumwombea Petro. Huko ndiko kutegemea.

Masika iliyopita, mzee wa Kijamaika aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa Mama alifariki. Alikuwa muumini hasa, akiimba chini chini mashine ikizunguka. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa chumba kile alipigiwa simu usiku, akapata figo. Mama alirudi nyumbani na habari zote mbili siku moja. Alimlilia mzee, kisha akampigia yule kijana kumpongeza, na sauti yake haikuwa ya kuigiza. Akaniambia, "Mwanangu, Mungu wao ni mmoja." Akaenda kulala.

Mimi sijafika alipofika yeye. Kuna usiku nawaza Julai, nawaza Oktoba, nawaza simu ya aina nyingine kabisa, na usingizi unakata. Siku hizo siombi maneno mengi. Nasema, "Baba, naogopa, nibebe." Asubuhi naamka, nampeleka Mama kwenye mashine, naenda kazini.

Na kumtegemea Mungu hakumaanishi kukaa mikono mitupu. Figo huendana kirahisi zaidi kati ya watu wenye asili inayofanana, na wachangiaji weusi hapa Uingereza ni wachache kuliko wagonjwa wetu wanaosubiri. Tangu tarehe 20 Mei 2020 sheria ya England inamhesabu karibu kila mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo akifa, isipokuwa kama alisema hataki, ila madaktari bado wanazungumza na familia kwanza. Kwa hiyo ongea na wazazi wako, hata kama ni mazungumzo ya kutisha. Mtu fulani anaomba jibu ambalo huenda limefungiwa ndani ya ukimya wa nyumba yako. Na kapime presha, tafadhali. Haiumi mpaka iwe imechelewa.

Najua wengine mnasubiri vitu vingine: viza ya mume, matokeo ya mtihani, karatasi za kuishi, mtoto ambaye hajaja. Tarajieni. Tarajieni kwa nguvu zote, si dhambi, hata Mama ameshafungasha begi la hospitali na liko nyuma ya mlango. Ila mkitaka kuegemea, msiliegemee jibu. Jibu halijafika, halina uzito wa kukubeba.

Julai tutawaambia. Likiwa ndiyo, nitawaletea mtori, wa ndizi nyingi. Likiwa hapana, Mama ataingia kwenye gari Jumatatu kama kawaida, na mimi nitaendesha.

Tuombeane.