Mtu wa Tatu katika Picha

Kila mtu ana jambo dogo linalomburudisha akiisha kumaliza kazi za juma. Mmoja hupalilia bustani, mwingine hucheza dama na majirani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Lubumbashi, na burudani yangu ni mbili: kamera ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba yangu, na nyimbo za gitaa za siku za ujana wake.

Kamera yenyewe ni kisanduku cheusi cha bakeliti, ile plastiki ngumu iliyovumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent, Ubelgiji. Inaitwa Brownie Hawkeye, na Kodak walianza kuiuza mwaka 1949. Haina betri, wala haikuonyeshi picha papo hapo. Sheria zake ni chache: jua liwe mgongoni mwako, simama mbali kiasi cha mita moja na nusu au zaidi, tuliza mikono, bonyeza. Filamu yake ya asili, namba 620, haitengenezwi tena. Lakini filamu namba 120 ina upana uleule na ingali inauzwa. Jamaa mmoja huniletea kutoka Ulaya. Basi usiku nazima taa, nafunga mlango, naizungusha filamu mpya kwenye bobini ya zamani kwa kupapasa tu.

Picha ni 12, kisha basi. Mwenye simu hupiga picha mia katika harusi moja, na pengine asizitazame tena. Mwenye picha 12 hupima kwanza. Tena kamera hii huiweki machoni: waishika tumboni na kuinamisha kichwa ili uone katika kidirisha cha juu. Mke wangu hunicheka, asema nawasujudia watu. Nami naona si vibaya kumwinamia mtu kabla ya kuchukua sura yake.

Kuhusu nyimbo, ninayempenda kupita wote ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akaunasa wimbo wake uitwao "Masanga". Ni gitaa moja tu, lakini ukisikiliza utadhani wanapiga watu wawili. Bwana Mwenda alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Wimbo wake ninao katika simu.

Sasa sikieni yaliyonipata.

Kila Jumapili baada ya Misa huenda Katuba kumwamkia baba mkubwa, kaka yake baba, mzee aliyefanya kazi reli. Humpigia nyimbo zile, naye hugonga mkono wa kiti kwa vidole akifuata gitaa. Siku moja nilimpelekea picha niliyoikuta katika sanduku la baba. Nyuma imeandikwa mwaka 1958, basi. Mbele wamesimama vijana watatu wenye suruali pana. Wawili nawajua: baba mkubwa na baba yangu. Wa tatu ameshika gitaa, na kofia yake imelala upande.

Nikamwuliza, "Baba, huyu ni nani?"

Akaitazama kidogo tu, akanirudishia. "Simkumbuki."

Nikauliza tena Jumapili ya pili, na ya tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Nikasema moyoni, uzee huo, tusimchoshe mzee.

Jumapili ya nne tulikuwa tukisikiliza "Masanga". Mara vidole vyake vikasimama. Akasema polepole, "Hapo ndipo alipokuwa akikosea."

"Nani, Baba?"

Akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Mwenye gitaa. Kila mara akifika pale alikosea, nasi tulimcheka. Mtoto wangu, sikumsahau. Nilinyamaza tu."

Ndipo aliponieleza. Yule kijana alikuwa mtu wa Kasai, jirani yao na rafiki wa kweli. Ikaja miaka ya kujitenga kwa Katanga, na watu wa Kasai wakaanza kutazamwa kama maadui. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi ya wakimbizi hapa mjini, wakati huo Elisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata wengi wakapelekwa Kasai.

"Alikuja usiku," akasema mzee, "akatuachia kisanduku chake cha kupigia picha. Akasema, nitunzieni mpaka nirudi. Kulipopambazuka akaenda kambini na mama yake. Hatukumsindikiza. Tuliogopa kuonekana naye. Hakurudi."

Nikaitazama kamera mapajani mwangu. Kumbe nilichokiita urithi kilikuwa amana.

Nawaambieni kweli, tangu siku ile nazisikiliza nyimbo zile kwa namna nyingine. Nilizipenda kana kwamba zamani zilikuwa sukari tupu, na kofia zile na suruali zile zilitosha kunifurahisha. Nyimbo bado ni tamu, wala sioni haya kuzifurahia. Lakini waliozicheza walikuwa watu, wenye upendo na wenye hofu. Picha ilitunza sura ya rafiki yao miaka zaidi ya 60, isiweze kusema jina lake. Wimbo ndio uliolitoa jina kinywani mwa mzee.

Jina hilo nimeliandika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi. Hapa siliandiki, maana jamaa zake sijawaomba ruhusa. Katika filamu ilikuwa imebaki picha moja, ya 12. Mzee akaomba nimpige akiwa ameishika ile picha ya zamani kifuani. Nikainamisha kichwa, nikabonyeza. Nimetoa nakala mbili. Moja ni yake. Ya pili ninayo bado, pamoja na kamera, na nimeanza kuwauliza wenzetu wa Kasai katika parokia kama yupo ajuaye habari za ukoo ule.

Wasomaji wapenzi, nyumbani mwenu mna picha. Zigeuzeni leo mtazame nyuma yake. Kama hakuna majina, chukueni kalamu mwende kwa wazee wenu. Na mzee akisema hakumbuki, msikasirike wala msikate tamaa. Mpigieni wimbo wa ujana wake, mkae naye, mngoje.