Bustani ya Gede kwa Jicho la Karibu

Gede iko kwenye njia panda ya Watamu, kusini ya Malindi, ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wageni wengi hufika kutazama magofu ya mji wa kale. Katika uwanja wa magofu hayo mna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakazi wa kandokando ya msitu hufuga vipepeo, na kiwavi akishajifunga ndani ya ganda lake huuzwa ng'ambo. Hapa, basi, mdudu ni riziki. Sisi, akina mama watano na binti zetu, tuliingia bustani ya nyumba moja ya jirani kujifunza kupiga picha za wadudu kwa lenzi ya karibu na flashi.

Tulianza mapema, kwa kuwa mdudu aliyepoa hana haraka ya kuruka. Lenzi inapomsogelea hadi sura yake ndani ya kamera ilingane na umbile lake halisi, sehemu inayoonekana bayana huwa nyembamba mno, kiasi cha milimita moja. Ukilibana tundu la lenzi ili kuipanua sehemu hiyo, picha huingia giza. Ndipo flashi inapohitajika. Ikipunguzwa nguvu, mwako wake hupita chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, hata mtikisiko wa mkono usionekane. Lakini mwako mtupu huung'arisha mgongo wa mdudu kama kioo. Tuliukinga kwa kipande cheupe cha dumu la maziwa, nuru ikatoka laini.

Kwenye kunde, majani yalikuwa yamejikunja na vidukari weusi wamesongamana chini yake. Kati yao walitambaa wadudu wengine wenye madoa ya rangi ya machungwa. Bomba la dawa lilikuwa limeshajazwa, limeegemezwa ukutani.

Picha ilipokuzwa, binti mmoja alipaza sauti: mwenye madoa alikuwa na kidukari kinywani! Mwalimu wetu akaeleza kuwa huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo ambaye watoto hupenda kumtembeza kiganjani. Hula vidukari tangu utotoni hadi ukubwani. Dawa ingewaua wote, na vidukari, wazaao upesi, wangetangulia kurudi.

"Na hawa wakishindwa, wanangu watakula mboga gani?" aliuliza mwenyeji wetu.

Swali lilikuwa la haki. Tukakata vikonyo vilivyozidiwa, tukawaacha wenye madoa, naye akakubali kungoja juma moja kabla ya kupiga dawa.

Juma lilipotimia alitutumia picha aliyoipiga kwa simu. Vidukari hawakuwa wameisha, ila majani machanga yalikuwa yamenyooka. Chini yake aliandika kwamba usiku ule wangekula kunde za nazi.